Tulivyozuiwa Mlangoni Siku ya Kura za Maoni

Dada yangu alipochukua fomu ya udiwani, sisi wanawake tunaochota maji mtoni tulijiona tumeshapona. Mto wenyewe, huku chini ya mlima Sekenke, kiangazi ni mchanga mtupu. Unafukua shimo, unakaa, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata. Dada alikuwa na ahadi moja tu: kisima cha pampu. Tulimwamini, maana ndoo anabeba mwenyewe.

Siku ya kura za maoni za chama chake tuliyaacha mashimo yetu, tukavaa khanga za sikukuu, tukaenda shuleni na kadi zetu za mpiga kura. Mama wee! Katibu wa tawi, mzee wa kijijini kwetu, akatuzuia mlangoni. Wanaopiga ni wanachama tu.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia, maana adabu ni adabu. "Ila kata hii, atakayeshinda humo ndani ndiye diwani. Sisi tutamchagua lini?"

"Marahaba. Mngejiunga mapema."

"Sitaki chama, baba, nataka maji!"

"Mwanangu, hii ni harusi ya watu. Jirani hachagui bwana harusi."

"Harusi yenu, sawa. Lakini anayeolewa ni mimi!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema mlango ukiachwa wazi, hata wapinzani wataingia, wawachagulie mgombea dhaifu ili wamshinde baadaye. Hapo hakusema uongo, na hilo liliniuma kuliko kuzuiwa.

Tukabaki kuchungulia madirishani. Dada alishindwa na bwana mmoja mwenye tenki la maji uani kwake.

Tuliporudi mtoni, ng'ombe walishakanyaga mashimo yote. Nililia kwa hasira palepale, nikafukua upya kwa mikono, khanga ya sikukuu ikiloa tope.

Nikajipa moyo: uchaguzi mkuu upo, kule hakuna wa kunizuia. Kumbe wapi! Hakuna mwingine aliyesimama, yule bwana akapita bila kupingwa, na mimi huku mtoni sikupata habari. Siku ya kupiga kura nikapewa karatasi ya rais na ya mbunge. Nikauliza ya diwani iko wapi.

"Mama," msimamizi akanijibu kwa upole kabisa, "diwani mlishampata."

Nikapiga hizo mbili, nikatoka. Dada alikuwa ananingoja nje na ndoo zetu.