Siku nne nilipima sweta la mzee, nikaandika presha yake ni 120/80

Wakuu, heshima kwenu, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Huwa nasoma tu humu na kupita kimya kimya. Leo nataka kutua mzigo. Nitakachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hakuna chumvi hata ya kuonja, na anayetafuta chai za kutunga jiko analijua. Majina nimebadilisha na hospitali sitaitaja, kwa hiyo msihangaike kuniuliza PM.

Mimi ni binti wa hapa Moshi, nasoma nursing, mwaka wa kwanza. Kwetu ni Rau. Baba yangu ni fundi cherehani, kibaraza chake kiko mitaa ya nyuma ya soko, na ada yangu imetoka kwenye sindano hiyo hiyo. Shikeni hilo la baba, litarudi mbele.

Lingine la kujua ni kwamba nilikuwa najisikia. Darasani nilikuwa wale wa mbele, wa kunyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali.

Tulipoanza kufundishwa kupima presha kwenye skills lab, chumba cha mazoezi pale chuoni, niliipata siku ya kwanza. Kwa wasiojua: ile mashine ya kupampu kwa mkono unafunga mkanda juu ya kiwiko, unapampu, halafu unaachia upepo taratibu huku unasikiliza kwa steth, ile ya masikioni. Mlio wa kwanza unaousikia ndiyo namba ya juu. Ukipotea, hapo ndiyo namba ya chini. Basi.

Lab tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Uniform za mikono mifupi, chumba kimya, mnapimana na rafiki yako. Nikapitisha steth chini ya mtandio, nikasikia tu, tu, tu, raha mustarehe. Mwalimu akasaini logbook yangu kwamba naweza.

Nikaamini naweza.

Tukapelekwa wodini. Mimi nikaangukia wodi ya wanaume, upande wa vidonda na mifupa. Asubuhi ya kwanza Sister incharge, mama mmoja mfupi asiyepaza sauti, akanipa trei na kuniambia niwapime wagonjwa sita, presha, mapigo, pumzi na joto. Wodi ilikuwa imejaa na wauguzi walikuwa wawili tu. Akaniuliza, "Umesainiwa?" Nikamwonyesha logbook. Akaniachia.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Swai, wa Masama. Miaka sabini na kitu. Alikuwa anapunguza matawi ya kahawa kihambani, shambani kwake nyumbani, panga likateleza likamkata mguu. Siku alipopokelewa presha yake ilikuwa juu. Daktari akaandika kwamba huenda ni maumivu ya kidonda, ifuatiliwe asubuhi na jioni. Kwa hiyo kazi yangu kwa yule mzee ilikuwa na maana. Namba zangu ndizo zingemwambia daktari kama ni maumivu au ni ugonjwa.

Sasa njooni tuone nilivyofanya.

Mzee alikuwa amekaa kitandani amevaa shati, juu yake sweta zito la kufumwa, juu yake koti. Wenyeji wa huku mnajua, mtu wa mlimani havui sweta kwa sababu tu kashuka mjini. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba ndefu. Nikasimama pale na mkanda mkononi, nikashindwa kufungua mdomo.

Wakuu, mnisaidie. Namwambiaje mzee anayemzidi baba yangu umri avue nguo? Mimi binti, nimefunga mtandio, sijawahi hata kumshika babu yangu mkono zaidi ya kumwamkia. Nilitamani aone mwenyewe mkanda avue. Hakuvua. Alivua koti tu bega moja, akaninyooshea mkono na sweta lake.

Nikafunga mkanda juu ya sweta. Steth nikaisukumia kwa chini, juu ya sufi.

Halafu mzee akaanza kuongea. "Wewe ni mtoto wa nani? Kwenu ni wapi? Baba anafanya kazi gani?" Mzee akikuuliza unajibu, ndivyo tulivyolelewa. Nikawa naachia upepo huku najibu kwamba baba ni fundi, mzee naye anajibu kwamba mafundi wa zamani walikuwa watu. Sindano ya mashine ikateremka mpaka sifuri.

Sikusikia kitu. Nikapampu tena. Kimya.

Nikajidanganya kwamba ni mtandio, nikauweka sawa. Kimya vilevile. Nikamtazama Sister, yuko mwisho wa wodi anafunga kidonda cha mtu. Kumwita maana yake ni kusema sijui, na saini ninayo.

Nikaandika 120/80.

Na pumzi nikaandika 20. Sikuzihesabu. Mzee alikuwa anaongea, utahesabuje pumzi za mtu anayeongea?

(Kuna mkuu hapo chini ameshaanza kutukana kabla sijamaliza. Una haki, ila vumilia.)

Wale watano wengine walikuwa na mikono wazi, niliwasikia. Kwa Mzee Swai siku ya pili ikawa hivyo hivyo, ila nikaandika 118/78 ili isifanane. Siku ya tatu 122/80. Jioni alikuwa akiingia mwenzangu wa darasa moja, na mimi nilishangaa kuona namba zake zinakaa jirani na zangu, 120/76, 118/80. Baadaye aliniambia ukweli. Alikuwa anaangalia nilichoandika mimi asubuhi, anapunguza au kuongeza kidogo. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye wa mbele darasani.

Mnaona uongo unavyozaa. Mmoja alidanganya, wa pili akanakili, na faili likaonekana limenyooka kuliko mafaili yote ya wodi.

Asubuhi ya nne nikaandika 120/80 kwa mazoea. Raundi ikapita. Daktari akafungua faili la Mzee Swai, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema presha imeshuka yenyewe, ilikuwa maumivu, kidonda kinaendelea vizuri, apewe ruhusa leo. Mzee akashukuru. Akasema tu kwamba kichwa kinamuuma kidogo tangu juzi, labda ni harufu ya dawa za humu. Daktari akamwandikia vidonge vya maumivu, wakasogea kitanda cha pili.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na trei yangu.

Kusema nilitaka. Nilihesabu kitakachofuata nikisema: kurudishwa chuoni, kufutiwa saini, baba kuitwa. Nikajiambia kwani nina uhakika gani kama iko juu, huenda kweli ni 120/80. Shetani anajua kupanga hoja, wakuu.

Saa ya chakula ikafika. Binti yake mzee, Dada Anjela, alikuwa ameshakuja na chupa ya mtori na mfuko wa nguo, wanasubiri dawa tu waondoke. Mimi nikatoka, kwa mguu mpaka kwa baba, maana mchana huwa nakula kibarazani kwake.

Nikamkuta na mteja. Mzee mmoja wa rika la Mzee Swai, anataka kushonewa suti ya harusi ya mjukuu. Yuko na koti lake mwilini. Baba, futi shingoni, akamwinamia kwa adabu zote:

"Mzee wangu, shikamoo tena. Naomba nikusaidie hilo koti."

Mzee akasema, "Pima tu hivi hivi, fundi. Nina haraka."

"Hapana, baba yangu. Nikipima hivi nitakuwa nimepima koti, wewe sijakupima."

Mzee akacheka, akanyoosha mikono, baba akamvua koti taratibu kama anamvua mtoto, akalitundika. Akamwambia asimame wima, asiongee kidogo, asivute tumbo. Mzee akatulia tuli. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii.

Baba yangu anavua watu makoti tangu sijazaliwa. Nimekulia kwenye kile kibaraza, nimeokota vitambaa chini ya ile meza, na siku ile ndiyo niliona anachofanya.

Sikula. Nilimwambia baba narudi, akabaki anashangaa na sahani. Nilichukua boda mpaka getini.

Njia nzima nilikuwa naomba wasiwe wameondoka. Kule juu Masama angepimwa na nani? Angerudi kihambani kwake na kichwa kinachouma, na faili letu linasema yuko sawa.

Nilimkuta. Koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani, amekaa ukingoni mwa kitanda. Dada Anjela kaenda dirisha la dawa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Sister. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema, "Sister, presha ya Mzee Swai sijawahi kuisikia. Hata siku moja. Nimekuwa naandika tu."

Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Akasema neno moja, "Twende."

Tulipofika kitandani hakushika mashine, alinipa mimi. "Mwombe mwenyewe."

Nikapiga goti kidogo. "Mzee, shikamoo. Naomba nikusaidie kuvua koti na sweta, nikupime tena. Na nikiwa napima, tusiongee mpaka nimalize."

Akanitazama. "Sasa siku zote hizo mbona hukusema?"

"Niliona aibu, mzee."

"Aisee. Mimi nilidhani ndivyo mnavyopima siku hizi."

Akavua kofia, akavua koti, sweta tukalivuta pamoja likamkwama masikioni, akacheka yeye, sikuweza kucheka mimi. Nikakunja mkono wa shati mpaka juu. Nikafunga mkanda kwenye ngozi. Nikaweka steth. Mzee akafumba macho na mdomo.

Nikasikia.

Mlio wa kwanza ulikuja juu kabisa, hata sikuutegemea pale, kwenye 190. Ukaendelea, ukaendelea, ukapotea kwenye 110. Sister akachukua steth akapima mwenyewe mkono wa pili. Akapata karibu na hapo hapo. Akaniambia nihesabu na pumzi, dakika nzima, huku nimeshika kifundo cha mkono kama napima mapigo ili mzee asijue. Zilikuwa 24.

Daktari akaitwa. Ruhusa ikasitishwa, dawa ya presha ikaanza mchana ule ule. Dada Anjela alirudi na vidonge vyake vya maumivu akakuta baba yake amerudi kulala. Sister aliniambia niwaeleze mimi. Nikaeleza yote. Dada yule aliniangalia sana, akauliza, "Na kama tungekuwa tumeshapanda gari?"

 

Mzee ndiye aliyesema, "Muache. Kasema mwenyewe."

Pale nililia, wakuu, mbele ya wodi nzima ya wanaume. Ila kilikuwa kilio cha nafuu. Siku nne nilikuwa nabeba jiwe, likaanguka bila kumvunja mtu mguu.

Adhabu zilikuwepo. Kwenye chati sikuruhusiwa kufuta, nilipiga mstari mmoja juu ya kila namba ya uongo, nikaandika kwamba haikupimwa, nikasaini jina langu. Mwenzangu naye alifanya hivyo kwa zake. Saini ya logbook ikafutwa. Nikapewa mikono hamsini ya kupima huku Sister amesimama nyuma yangu, na kila mkono nianze na sentensi ile ya kuomba nguo. Wa kwanza sauti ilitetemeka. Kufika wa ishirini nilikuwa naisema kama salamu. Hakuna mzee hata mmoja aliyekasirika. Mmoja kutoka Chekereni alinikabidhi sweta na akaniomba nimshikie na meno yake ya bandia.

Baba hakuitwa. Nilimweleza mwenyewe. Akaniambia nile kwanza.

Mzee Swai alikaa siku tatu zaidi, presha ikashuka kwa dawa, akaenda kwao. Kichwa kikaacha kuuma. Kumbe haikuwa harufu ya dawa za watu.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi niliita heshima kitu ambacho kilikuwa woga wangu tu. Heshima ya kweli kwa mzee ilikuwa kumsumbua kidogo, kumvua sweta, na kumnyamazisha dakika mbili. Na neno "sijasikia" halijawahi kumuua mgonjwa. Wadogo zangu mnaoanza chuo, lisemeni mapema, likiwa bado jepesi.

Wauguzi na madaktari wa humu, mlianguka wapi mwaka wenu wa kwanza? Wenye matusi pia karibuni, nimeshakaa.

Ila kabla hamjaanza, nimalizie na la wiki iliyopita. Nilikuwa kliniki, foleni ndefu, baridi ile ya asubuhi mlima umejifunika. Nikaita anayefuata, akaingia Mzee Swai. Mikono ya shati imekunjwa mpaka mabegani, anatetemeka, koti na sweta amevikumbatia kifuani.

"Nimevua tangu kwenye foleni, mjukuu wangu," akasema. "Shika mkono. Mimi naanza kunyamaza."