Aliniambia Nisifute Vumbi

Najua utasema nimezeeka, macho yamechoka. Sema tu. Mke wangu naye alisema hivyohivyo mwanzoni, siku hizi hasemi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Bariadi, sebuleni kwangu, jua likiwaka na umeme ukiwepo.

Nilipostaafu ualimu nilinunua skana, ile ya kulaza picha kwenye kioo, yenye taa kwenye kifuniko ya kusomea negativu za zamani. Nia yangu ilikuwa picha za ukoo tu. Lakini unawajua majirani. Wakasikia, wakaanza kuniletea zao. Nami nilikuwa na maringo, nakiri. Picha ikitoka kwangu na punje ya vumbi niliona aibu kama nimeingia kanisani na shati chafu. Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kufuta vumbi na mikwaruzo, nikawa nakibonyeza kila mara. Kitufe hicho ni cha filamu za rangi. Ukikitumia kwenye nyeusi na nyeupe kinaweza kula hata pua ya mtu, kikidhani ni uchafu. Nililijua hilo vizuri kabisa.

Siku moja, jua limeshainamia magharibi, mwanamke mzee akasimama mlangoni. Juu ya nyusi alikuwa na kovu.

"Mwangaluka, mwalimu."

Nikacheka moyoni. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Jioni Msukuma husema mwadila, hata mtoto wa chekechea anajua.

"Mwadila, mayu. Karibu ukae, mama."

"Mwangaluka," akarudia. Hakukaa. Akafungua pindo la khanga, akatoa negativu moja iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. "Ni mimi na pacha wangu. Mimi Doto, yeye Kulwa. Anaumwa, yuko Mwandoya, anataka kutuona. Atatuma mtu." Akanikazia macho. "Vumbi usilifute, mwalimu. Iache ilivyo."

Nikaitika, nikainua negativu kuelekea dirishani: mabinti wawili wadogo, wameshikana mikono mbele ya lundo la pamba. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Nikaiweka kwenye skana. Picha ya majaribio, ile isiyohifadhiwa, ikaja vizuri, ila mmoja alikuwa na madoa meupe usoni. Sasa niambie, wewe ungeyaacha? Nikajisemea, mzee wa watu anajua nini kuhusu mashine? Nikabonyeza.

Skana ikanguruma muda mrefu kuliko kawaida. Ilipomaliza, kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo binti mmoja. Mkono wake umenyooka, umeshika hewa.

Sikuogopa bado. Nilijua ni kile kitufe. Nikakizima, nikarudia. Mmoja. Nikarudia tena. Mmoja. Nikaitoa negativu yenyewe, nikaenda nayo dirishani, na hapo ndipo nilipoogopa. Skana haiikwarui filamu wala haiifuti, inapitisha mwanga tu. Lakini niamini, hata kwenye negativu alibaki mmoja. Ni yupi aliyebaki? Sikutaka kujua. Nililala na nguo zangu.

Kesho yake akaja mama wa makamo, akajitambulisha kuwa ni Minza, binti wa Kulwa.

"Mwalimu, mama yangu ana homa, anaongea maneno ya ajabu. Anasema nije kwako, Doto ameleta picha yao. Tumembishia. Doto alikufa mtoto, kwa surua, alfajiri, kabla hata mama yangu hajaamka. Hajawahi kumwona tena hata kwenye picha."

Nikaielewa ile salamu. Jioni ya siku aliyokufa, Doto hakuifikia.

Nikampa ile picha ya binti mmoja, niliyokuwa nimeichapa. Akaitazama. "Si walikuwa wawili?"

"Filamu ilikuwa imeharibika, mayu," nikasema. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, nikadanganya mchana kweupe.

Baada ya siku mbili alinipigia simu akilia. "Mwalimu, mama aliishika picha, akasema huyu ni Doto, lile kovu la kuungua uji analo. Akawa anauliza, 'Mimi mmeniweka wapi? Mimi mmeniweka wapi?' Aliuliza usiku kucha. Kulipokucha hatukuwa naye tena."

Nilidhani kama nimefuta mtu, nimemfuta marehemu. Kumbe niliyemfuta ni aliye hai. Labda homa ingemchukua tu, mke wangu ananifariji hivyo. Lakini Doto alikuja kwa wema, akaniomba jambo moja dogo, nami nikajifanya mjuzi.

Basi wewe mwenye mashine kama yangu, nakuonya: mtu akikuambia picha yake iache na vumbi lake, iache. Na ukisalimiwa salamu ya asubuhi jua likizama, sikiliza unachoambiwa, utii.

Mimi skana nimeifunika kwa shuka. Picha za familia zimo kwenye kompyuta, na kila jioni nazifungua nihesabu watu. Wote wapo. Ila kwenye picha yetu ya harusi, nyeusi na nyeupe, tangu wiki iliyopita kuna kidoa cheupe shavuni mwa mke wangu. Kilianza karibu na sikio, sasa kimefika mdomoni. Ananiuliza kutoka jikoni ninaangalia nini muda wote huo. Namjibu ni vumbi tu, mama, na sitaligusa.