Sambusa za Upande wa Pili wa Meza

Siku hizi nafunga sambusa peke yangu, na zote zinatoka sawasawa kama askari wa gwaride. Sizifurahii. Nilizoea zile za miaka ile, mjukuu wangu akiwa amekaa ng'ambo ya meza, unga mpaka kwenye nyusi, anazichomeka zake katikati ya zangu kwenye sinia, nami nampigia kelele azitoe.

Alikuwa darasa la saba. Tulikaa, na mimi bado nakaa, kwenye nyumba hii ya wakwe zangu, Soweto ya Afrika Kusini. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinileta hapa aliporudi kwao kutoka uhamishoni, mimi na binti yetu mkubwa tukimfuata kutoka Morogoro. Binti huyo ndiye mama wa mtoto. Ni nesi, na zamu za manesi hazina huruma, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa wangu. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kizulu na Kiingereza, bibi ananiita gogo kama Wazulu, tunaelewana. Hapa namwandika kwa lugha yangu, kalamu ni yangu.

Mwaka huo kulikuwa na shule moja ya bweni, mbali na hapa, shule hasa, ambayo ilichukua watoto wachache bila ada, wakifaulu mtihani wake. Mwalimu wake wa darasa la saba alimwandikisha. Hesabu alikuwa anazimeza, Kiingereza ndiyo usiseme. Kilichomshinda kilikuwa maumbo. Wanakuchorea vidude vitano kwenye mstari, vyenye kona na vijiti, kila kimoja kimelala kivyake. Vinne ni kitu kimoja kilichozungushwa tu. Cha tano si mwenzao. Mtafute. Yeye kila akimtafuta anamkosa, na ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa wa namna hiyo.

"Nionyeshe," nilimwambia. Mimi niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo.

Nikaangalia. "Huyu hapa. Ameanguka, miguu iko juu."

"Hayibo, gogo! Huyo amezungushwa tu. Ni yule yule."

"Mtu akisimama kwa kichwa ni yule yule?"

"Ndiyo, ni yule yule, kichwa chini!"

"Kwenu huku labda."

Akacheka mpaka akalala juu ya karatasi. Halafu akanieleza sheria, kwa sababu sheria aliijua vizuri, macho ndiyo yalikataa. Kukizungusha pale pale mezani kama sahani, ruksa. Kukigeuza kama chapati, mwiko. Yule asiye mwenzao kageuzwa kama chapati, ndiyo maana hata umzungushe vipi hawezi kulala kama wale wengine.

"Sasa kama unajua, kinachokushinda nini?"

"Sioni, gogo. Nasoma, naelewa, lakini sioni." Na safari hii hakucheka. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na ile ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa hiyo wanakwaya wa mtaa wetu walikuwa wameniagiza sambusa za harusi. Nikamwambia weka karatasi kando, kichwa kikichoka hata jina lako utalikosea, njoo tufunge. Nilikata manda, nikakoroga uji mzito wa ngano wa kugandishia, tukakaa, mimi upande wangu, yeye upande wake. Alikuwa na mkono mwepesi yule mtoto. Nilimfundisha akiwa mdogo, kidevu ndiyo kwanza kinafika mezani.

Mimi sinia yangu huwa naipanga. Mstari unyooke, mkunjo juu, ncha mbele. Yeye akaanza kuchomeka zake.

"Toa zako kwenye mstari wangu."

"Zako na zangu si sawa tu?"

"Si sawa. Zako mkunjo unalalia kule."

"Gogo, unanionea. Sambusa ni sambusa."

"Haya, ilaze yako iwe kama zangu. Ukiweza, vyombo vya leo naosha mimi."

Akaichukua yake, akaiweka kando ya yangu. Akaizungusha. Ncha ikikaa mbele, mkunjo unalalia kule. Mkunjo akiuleta huku, ncha inaniangalia mimi. Akazungusha tena. Nilikuwa nimeshamtupia neno la dhihaka kuhusu vyombo, kumbe hanisikii. Kinywa wazi. Taratibu akaigeuza ile sambusa tumbo chini, mkunjo ukapotea kabisa, akairudisha.

"Gogo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka, "yangu imegeuzwa kama chapati."

"Mimi nakwambia kila siku uitoe."

Akairukia karatasi na mikono yenye unga. Mara kalamu, mara anainuka, mara anasema "huyu hapa, na huyu hapa." Akarudi, akanipa mgongo, akaniamuru nichanganye nne zangu na moja yake, kila moja ilale ovyo, halafu ageuke aitafute. Akaipata. Tena. Akaipata. Nikaanza kumfanyia hila, naziweka nyingine kichwa chini, nyingine ubavu. Anaipata. Tulicheza mpaka manda zikakauka, na mama yake alipofika akatukuta tunagombana kama wacheza karata, sambusa za watu hazijaisha. Alitufokea wote wawili. Kisha naye akanawa mikono, akakaa ubavuni pangu kutusaidia, na mtoto akasimama kumtazama.

"Za mama ziko kama zako!"

Hapo ndipo yeye mwenyewe akaigundua sababu, si mimi. Binti yangu alijifunza Morogoro, tumekaa kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega. Mjukuu alijifunza akiwa mbele yangu, meza katikati, akaniiga kama kioo kinavyomwiga mtu. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni ubishi wake tu.

Jumatatu alikwenda kwenye mtihani. Shule ilipompigia mama yake simu kwamba amepata nafasi, mtoto alipiga kelele mpaka majirani wakadhani tumevamiwa. Mimi nilipiga vigelegele barabarani, na hapa Soweto wanavijua, wakanipokea. Baadaye tu, kelele zilipotulia, akaniuliza, "Sasa nikienda bwenini, nani atakusaidia kufunga?"

"Kwani kabla hujazaliwa nilikuwa nafunga kwa miguu?"

Januari tulimpeleka. Getini akanishika kanga, akaninong'oneza, "Gogo, usilie mbele ya wenzangu." Nikamwambia nilie nini, nimefurahi. Na kweli nilifurahi. Nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani, binti yangu akiendesha gari, mimi nikijifuta macho kwa kanga.