Mbaazi Moja kwa Kila Gari

Juzi zimamoto walikuja na gari lao shuleni kwetu, nikasahau kabisa kwamba mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi kwenye shule ya chekechea hapa Kingsbury, kazi ya kufunga kamba za viatu na kufuta pua. Siku hiyo tuliwapanga watoto uani wajifunze kuhesabu. Ngazi ngapi? Taa ngapi? Magurudumu mangapi? Watoto wakapiga kelele za namba hata njiwa wakahama paa. Halafu mwenzangu akaniambia, haya, sasa waulize zimamoto wenyewe wako wangapi. Nikafungua mdomo, mdomo ukajifunga. Nikajikuta nasema, "Haya watoto, tuhesabu kofia!"

Mwenzangu alinitazama, mimi nikacheka nikasingizia jua. Lakini tangu hapo sijatulia, rafiki yangu. Nimepitiliza kituo cha basi mara mbili, nimeunguza wali, na nimekaa kuandika hivi huku nikinyanyuka kila mara kwenda dirishani, wala sitazami kitu. Basi niache nikusimulie, labda miguu itapoa.

Sisi tulitoka Mombasa, miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tukishuka London na makoti ya kuazima na masanduku yaliyofungwa kamba. Tulitangulia wanawake: Nyanya, Mama na mimi. Baba alibaki auze mali iliyosalia dukani, atufuate baada ya wiki chache. Kabla hajafunga duka, wakubwa wa huku wakafunga mlango. Sheria ikabadilika, na mwenye pasipoti kama yake ikawa lazima angoje kibali cha kuingia. Baba akakaa foleni kule, nasi tukakaa dirishani huku.

Tulipanga vyumba vya juu katika nyumba iliyokuwa karibu na Kingsbury Road. Nikifumba macho nasikia hita ya mafuta ya taa ikiguna, nasikia harufu ya bizari ikichanganyika na ya nguo zisizokauka. Masanduku yetu hayakufunguliwa. Nyanya alikuwa anachomoa nguo anayoitaka, kisha anafunga kamba tena, kama kwamba garimoshi linapiga honi nje na sisi tutaachwa. Mama alikuwa anashona zipu kiwandani, na akirudi havui hata koti. Anainama kwanza mlangoni kutazama kama posta imeleta barua ya Baba. Nami nilikuwa na miaka sita, sikujua kukaa kitako. Niliambiwa nina mchwa kwenye soksi.

"Ukikaa kwenye nchi ya baridi bila kazi utaingia wazimu," Nyanya alisema. Alikuwa mama mzaa baba, mwembamba, amevaa koti la kiume na leso juu yake. Basi akajipa kazi, na kazi yenyewe nikawa mimi.

Aliweka kiti dirishani, akaweka kopo tupu la maziwa ya unga, na bakuli la mbaazi kavu. Kila gari la kusaidia watu likipita, natia mbaazi moja koponi. Gari la mtu tu, hata likiwa zuri vipi, halipati kitu. "Huyo anajisaidia mwenyewe," Nyanya alisema, na mbaazi inarudi bakulini. Asubuhi lilianza gari la maziwa, lile la umeme, likivuma kama mbu mkubwa huku chupa zikigongana. Likafuata baiskeli ya mtu wa posta, ambayo Mama hakuihesabu ila aliitazama kuliko yote. Kisha lori la taka na kelele zake, gari la mkate, lori la makaa, na siku nyingine mzee wa vyuma chakavu na farasi wake. Farasi yule alitupa ubishi mkubwa, kama ni gari au si gari. Nyanya akaamua kwamba anayevuta apewe mbaazi kama anayevutwa.

Nilipojua kuhesabu magari tukaingia kwenye magurudumu. Baiskeli ya posta, mbili. Gari la maziwa la mtaa wetu, tatu. Ambulensi, nne. Lori la taka, sita. Moja tulimpa mama wa fimbo, yule anayesimamisha magari watoto wavuke, maana hana gurudumu bali ana ile fimbo yake yenye bango la duara. Tano ilitutesa karibu mwezi mzima. Nyanya hakulala vizuri kwa ajili ya tano. Mpaka siku gari la mkate lilipogeuka mbele yetu tukaona limefungwa gurudumu la akiba mgongoni. Nyanya alipiga makofi, "Tano hiyo! Tano imejificha nyuma!" Mwenye gari akafikiri anaitwa, akatuuzia mkate ambao hatukuutaka.

Na Jumapili, mbaazi za wiki nzima zililowekwa, zikapikwa kwa nazi. Nazi tuliipata kwenye duka la Mgujarati, imekauka hata inalia kama njuga, lakini Nyanya aliibembeleza ikatoa tui. Tulikula na mahamri, na mimi nikitafuna nauliza, "Hii ni ambulensi au ni maziwa?" Mama alicheka siku hizo tu.

Lakini kulikuwa na sharti. Watu hatukuwahesabu. Kofia, ndiyo. Buti, ndiyo. Watu, hapana. Hata Mombasa Nyanya akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wapo, alhamdulillahi." Akigawa chakula anahesabu sahani, akigawa chai anahesabu vikombe. "Watu hawahesabiwi," alikuwa akiniambia, "watu wanaombewa. Ukiwahesabu, jicho baya linajua pa kupunguza." Na huku London sharti lilizidi kukaza, kwa sababu tulikuwa hatujakamilika. Kila asubuhi alipanga kwenye sinia vikombe vinne. Kimoja alikifunika, mdomo chini. Kilikuwa cha Baba. Hakuna aliyenieleza, lakini mtoto huelewa: ukitaja hesabu ya watu na Baba hayumo, umemfungia nje.

Sasa nenda nami shuleni. Mwalimu wetu alikuwa kijana, ana nywele nyekundu na moyo mwema, na alikuwa na kadi kubwa za picha za watu wanaotusaidia. Akatoa kadi ya gari la zimamoto. "Zimamoto ni wangapi hapa?" Darasa zima mikono juu. Akanichagua mimi, kwa wema wake, kwa kuwa mimi sikuinua. Nikakaa kimya. Akatoa kadi ya manesi. Kimya. Askari. Kimya. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi, najua jibu, nimelibana kwenye meno.

Mama akaitwa. Akaambiwa kwa upole kwamba huenda mtoto huyu ana uzito wa akili. Atakuja bibi wa kupima watoto, na asipojibu, ataenda shule nyingine, ile ya basi dogo la bluu.

Basi lile tulilijua. Lilipita kila asubuhi baada ya gari la maziwa, na ndani mlikuwa na watoto wasiosema na watu. Kwenye dirisha la nyuma alikaa msichana wa kofia ya sufu, akinipungia mkono kila siku. Mimi sikumpungia. Na Nyanya, ambaye alimpa mbaazi hata farasi, basi lile hakulitilia mbaazi.

Jioni ile Mama hakuinama mlangoni kutafuta barua. Alipanda ngazi moja kwa moja, akamwendea Nyanya.

"Mama, samahani, lakini leo nitasema. Huku si Mombasa. Mtoto ataitwa zezeta!"

"Zezeta nani? Huyu anahesabu mpaka mia huku anapiga mswaki."

"Basi ahesabu watu! Watu wa kuchora, Mama! Karatasi! Karatasi ina jicho?"

Nyanya aliendelea kuchambua mchele. "Na mwanangu je?" akasema. "Mumeo. Keshafika?"

 Mama akaenda kusimama karibu na hita, bado na koti lake, akatugeuzia mgongo. Nilitamani kugeuka mbaazi niingie koponi.

Siku ya kupimwa, Nyanya akasema anakuja. Mama akamwomba abaki, nje kuna barafu. Nyanya akavaa soksi za Baba, akatia makubadhi juu yake, akafunga leso. Tulikalishwa kwenye chumba kidogo chenye viti vya watoto. Magoti ya Nyanya yakafika karibu na kidevu. Bibi wa kupima alikuwa na miwani ya mnyororo na sauti ya kubembeleza. Akaweka kadi mezani. Ileile.

"Zimamoto ni wangapi, kipenzi?"

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea kwa viatu vizito.

"Hujui?"

Mama akanifinya paja chini ya meza. Nikasikia basi la bluu kichwani mwangu, likipiga honi. Nikamwona Baba kwenye foleni, mlango unamfungia.

Ndipo Nyanya akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejisemea: "Kwani hao wamekwenda motoni vichwa wazi?"

"Amesema nini?" bibi akauliza.

"Amesema," Mama akajibu, naye hajui kudanganya, shingo yote nyekundu, "amesema picha inapendeza."

Lakini mimi nilishaelewa. Nikainama kwenye kadi. "Kofia tano," nikasema.

"Kofia? Na wanaozivaa?"

"Kila kofia ina mwenyewe."

Bibi akanitazama juu ya miwani. Akatoa manesi. "Kofia nyeupe tatu," nikasema. Akatoa watu wa taka, nikampa glavu: saba ziko mikononi na ya nane imeanguka chini ya lori. Hakuwa ameiona. Aliisogeza kadi machoni, akaiona, akacheka kwa kukoroma kidogo. Nami nikanogewa, nikampa na magurudumu ya lori bila kuulizwa, nikamwambia kwamba huyu mchoraji amekosea, yamebaki mawili hakuyachora. Mama akaniachia paja.

Halafu bibi akakusanya kadi zote akaziweka pembeni. Akauliza swali dogo, la kumalizia tu. "Na nyumbani kwenu mko wangapi?"

Hapo hapakuwa na kofia. Nyanya hakujua Kiingereza, lakini swali hilo nadhani linajulikana kwa lugha zote, kwa sababu niliona midomo yake inaanza kuomba. Nikatafuta chumbani kwetu kwa akili, haraka haraka, kwenye ndoano za makoti, kwenye vitanda, nikafika kwenye sinia.

"Vikombe vinne," nikasema. "Vitatu vya chai. Kimoja kimefunikwa."

"Kimefunikwa kwa nini?"

"Kinamngoja Baba. Yuko kwenye foleni."

Bibi akaweka penseli chini. Mama akaanza kumweleza habari za foleni, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, na katikati sauti ikamkatika, akamalizia kwa mikono. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtoto abaki darasani kwake, na akaomba aambiwe kwa nini sihesabu watu. Mama akamgeukia Nyanya. Nyanya akajibu sharti lake lilelile, Mama akatafsiri, yule bibi akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa dawa asiyoijua lakini ananusa kwamba ni dawa.

Kesho yake nilikaa dirishani na kopo. Likapita gari la maziwa. Likapita basi la bluu, na msichana wa kofia ya sufu akapunga mkono. Nikampungia, mkono mzima, mpaka nikagonga kioo. Nyanya akachukua mbaazi mwenyewe akaitia koponi. "Na hilo," akasema, "limebeba watoto wa watu." Huwa namfikiria sana msichana yule. Nani ajuaye, huenda naye alikuwa na jibu lake kwenye meno, na hakuwa na nyanya kwenye kiti kidogo.

Baba alifika theluji ilipokwisha yeyuka, amekonda, mfukoni ana funguo za duka ambalo si lake tena. Nyanya akakigeuza kile kikombe, akakipangusa kwa leso ingawa kilikuwa safi, akamimina. Alipohakikisha amekunywa, akainuka akaanza kukata kamba za masanduku, moja baada ya nyingine, akatandaza nguo zetu zote kitandani.

Sasa mtaa ule ukiupita huusikii. Gari la maziwa limepotea, watu wananunua maboksi dukani. Farasi hayupo, makaa hayaletwi, mwenye gari la mkate alifunga. Watoto wa majirani zetu wa zamani ndio ninaofunga viatu vyao. Nikiwaambia "njoo hapa" wanakuja mbio, lakini wanajibu kwa Kiingereza. Nyanya tulimzika mwaka juzi, mvua ikinyesha.

Jana nilimsimulia Mama habari za kofia. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaenda kuweka chai. Akaleta sinia. Baba akavuta kikombe chake, Mama chake, mimi changu. Cha nne kilikuwa kimefunikwa.  Nje likapita gari likivuma, sikuwahi kuona ni la nani. Kopo bado liko dirishani. Nikainuka, maana mimi sijui kukaa, nikatia mbaazi moja.