Kila Mkewe Akisema Anakuja, Fundi Timazi Hupanda Karoti

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hajagusa chai yake, fundi anapiga magoti nyuma ya nyumba na kufukua udongo kwa kidole kimoja. Anafukua kidogo tu, kando ya majani, mpaka bega la karoti lijitokeze, nene na la rangi ya chungwa. Analitazama kama mzazi anayefunua shuka aone kama homa ya mtoto imeshuka. Kisha analifukia tena na kuhamia kwenye mche unaofuata.

Karoti zimeiva. Hilo hata jirani anayepita na ndoo ya maji analiona, na analisema. Fundi anaitikia kwa kichwa, anasimama, anajikung'uta magoti, na hang'oi hata moja.

"Zina mwenyewe," anasema.

Mwenyewe ni mkewe. Mkewe yuko nchi nyingine, safari ya ndege mbili, akimtunza bibi kizee wa watu ambaye hawezi kushuka kitandani bila kushikwa. Huu ni mwaka wa tano.

Mtaani fundi huyu anaitwa Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta. Ni mwashi, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mikono iliyokaushwa na saruji. Jina hilo alipewa na vibarua wenzake kwa sababu hawezi kupita penye ukuta bila kufumba jicho moja aone kama umenyooka. Wanadai hata akienda msibani hupima ukuta kwanza, ndipo atoe pole. Nyumba yake mwenyewe haijapigwa lipu mpaka leo, na akiulizwa hujibu kwamba kinyozi hajinyoi.

Kazi zikiwepo hupata wiki mbili za kibarua kwa mwezi, tatu mwezi ukiwa na baraka. Anakiri kwamba bila pesa anayotuma mkewe, kitindamimba wao asingekuwa shuleni. Hayo anayasema waziwazi, haoni haya. Lisilomtoka mdomoni ni jambo moja tu: kwamba amemkumbuka mkewe mpaka kifua kinamuuma.

Badala ya kulisema, anapanda karoti.

Ilianza mwaka wa pili wa safari ile. Mkewe alipiga simu akasema amepewa likizo, atakuja baada ya miezi mitatu. Timazi alipokata simu alitoka nje akasimama mbele ya kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko, ambacho mkewe alikuwa akikilima kabla ya kuondoka. Mchicha, nyanya, vitunguu, vyote vilimtii mwanamke yule, isipokuwa karoti. Alizijaribu mwaka hadi mwaka, zikatoka na miguu miwili kama suruali, au hazikutoka kabisa. Na ndizo alizozipenda kuliko mboga zote, mbichi, zimefutwa tu kwa upindo wa nguo.

Hapo Timazi akapata wazo ambalo mpaka leo analionea fahari kidogo. Mkewe aingie uani, akute tuta zima la karoti zilizonyooka, azing'oe kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia. Alitaka azikute.

Mbegu alizinunua kwa muuza mboga wa kwenye kona, mwanamke mwenye ulimi mwepesi ambaye ni shoga wa mkewe wa miaka mingi. Muuza mboga akamweleza kwamba karoti haipendi jiwe, ikigota tu inagawanyika. Timazi akaenda kuleta chekeche lake la mchanga, akachekecha udongo wa tuta zima mpaka ukawa kama unga. Mpaka hapo alipatia.

Kosa lililofuata lingeweza kufanywa na mwashi tu. Alimwagia udongo ule maji, akachukua gogo la kushindilia sakafu, akaushindilia barabara. Akaweka pimamaji juu yake, akaona pamelala sawasawa, akaridhika.

"Mimi nilichojua, msingi laini haubebi kitu," anasema. "Nani angeniambia karoti yenyewe ndiyo inayotaka kushuka?"

Muuza mboga alipokuja kukagua aligonga tuta kwa kisigino. Kisha akamwambia kwamba sakafu imetoka safi, kilichobaki atafute wapangaji.

Zilizoota zilikuwa fupi na nene kama vidole gumba. Hata hivyo aliziacha zimngoje mwenyewe. Siku chache kabla ya safari yule bibi kizee akaugua, jamaa zake wakamsihi mke wa Timazi asiondoke, naye akapiga simu kusema likizo imesogezwa. Timazi akajibu kwamba ni sawa, hakuna shida. Ndivyo alivyojibu pia mwaka uliofuata, pesa ya tiketi ilipoishia kwenye ada ya shule.

Mwaka huo wa pili wa kupanda, tuta lake halikushindiliwa. Alikuwa ameulizauliza, na kuuliza si ujinga. Aliulegeza udongo kwa kina cha mkono kuanzia kiwiko, akaweka samadi iliyooza kabisa, maana mbichi huzipa karoti matawi. Mbegu zile ndogo alizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, akazimwaga kwenye mistari aliyoinyoosha kwa uzi wa kujengea. Akafunika kwa gunia na kunyunyiza maji asubuhi na jioni, mpaka siku alipoinua gunia akakuta vichipukizi vya kijani vimeinama chini yake.

Kilichomshinda ni kupunguzia miche. Aliambiwa aache nafasi ya vidole viwili kati ya mmoja na mwingine, ing'olewe ile ya katikati itupwe. Timazi alishika wa kwanza akauachia. Hakuona sababu ya kuua kitu kizima. Kwa hiyo zilisongamana, zikasokotana chini kwa chini kama kamba.

"Niliona huruma," anasema. "Kumbe huruma ile ndiyo iliyozimaliza."

Mara ya tatu alipunguzia, ingawa bintiye mkubwa anasema alifanya hivyo huku ameugeuzia uso ukuta. Zikatoka karoti za kumwonyesha mtu. Vibarua wenzake walikuja kuziona, na mmoja akaomba apewe mbili tatu za mchuzi, akamkumbusha kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Timazi hakucheka. Alimjibu kwamba methali hiyo aipeleke kwake, hapa nyumbani la asiyekuwepo lipo na limemwagiliwa maji.

Safari hiyo mkewe hakutoa hata sababu. Alisema tu kwamba amesogeza mbele, na Timazi hakuuliza. Karoti zikakaa ardhini, mwezi ukapita, wa pili ukaingia.

"Mvumilivu hula mbivu, sawa," anasema, akicheka kicheko kisicho na raha nyingi. "Lakini karoti ukiivumilia sana inakuwa kuni."

Alipozing'oa zilikuwa zimepasuka kwa urefu, na ndani zina moyo mgumu ambao kisu kiliugonga kikarudi. Muuza mboga alizichukua akampa mtu anayefuga sungura. Bintiye wa kwanza, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko chumba cha mbele, anaikumbuka siku ile vizuri kuliko anavyotaka.

"Baba hakula," anasema. "Alikaa tu kwenye kiti cha Mama. Baadaye akaniuliza kama mbegu zimebaki."

Zilikuwa zimebaki. Tuta analolifukua Jumamosi hii ndilo la nne. Mkewe alikuwa aje mwisho wa mwezi huu, lakini wiki iliyopita alipiga simu na habari nyingine. Jamaa za yule bibi wanataka asaini mkataba wa miaka miwili tena. Akamuuliza mumewe anaonaje. Timazi, ambaye anaweza kubishana na mwenye nyumba nusu siku kwa ajili ya tofali moja lililokaa upande, alimjibu kwamba ni yeye tu, atakavyoona.

Mwandishi wa makala haya akamuuliza kama mkewe anajua habari za karoti.

Timazi anainama, anang'oa gugu moja kando ya tuta. Chumba cha mbele cherehani inanyamaza.

"Hajui," binti anajibu kupitia dirishani. "Hata mimi alinikataza nisimwambie."

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka yote hiyo. Muuza mboga anajua, vibarua wanajua, anayefuga sungura anajua. Mtaa mzima unajua kwamba kuna mwanamume anayepanda karoti kwa hamu ya mkewe, na asiyejua ni mke peke yake. Fundi anakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, anatazama majani yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaonekana mtu aliyechoka.

"Nilitaka azikute," anarudia. Kisha, kwa sauti ya chini, "Naona nimezungushia ukuta nikasahau mlango."

Jumapili mchana simu inalia, kama kila Jumapili. Binti anasalimiana na mama yake, wanaongea habari za mdogo wake na za shule, kisha anampa baba simu na kujifanya ana nguo ya kupiga pasi. Timazi anatoka nayo mpaka uani. Wanaulizana hali. Wanaongea mvua. Mkewe anasema wanaisubiri sahihi yake kabla ya Jumatano. Timazi anakohoa, anageuza kamera, anaielekeza chini.

"Nini hicho?" mkewe anauliza.

"Karoti."

"Nani kalima?"

"Mimi. Zako hizo. Nilitaka uje uzing'oe."

Mkewe anacheka, akidhani ni utani wa fundi. Timazi anamwacha acheke, kisha anamwambia yote kwa mpigo, sakafu aliyoshindilia, zile zilizosokotana, zile alizopewa sungura. Kila aliposema anakuja, tuta lilichekechwa. Kicheko cha upande wa pili kinakatika.

"Mbona hukusema, baba watoto?" anauliza polepole. "Kila nikikwambia siji, unasema sawa. Nikajua umeshazoea. Ile mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Nilitaka tu nisikie utasemaje."

Timazi hatazami simu. Anatazama udongo.

"Sijazoea," anasema. "Hata siku moja sijazoea. Rudi."

Simu inakaa kimya mpaka binti anatoka mlangoni, akidhani mtandao umekatika. Haujakatika. Upande ule kuna mtu anapenga kamasi. Mke anaporudi kusema, anasema hatasaini. Lakini hawezi pia kumwacha bibi wa watu kitandani siku moja, lazima apatikane mtu na aoneshwe kazi. Atarudi mwezi gani, hajui, na hataki tena kumtajia tarehe ambayo hataitimiza. Kisha anaamuru, kwa sauti ya mwenye uani wake, kwamba hizo zilizoiva zing'olewe sasa hivi zikaliwe.

Timazi anashika majani karibu kabisa na udongo, anavuta. Inatoka nzima, ndefu, imenyooka. Anaifuta kwenye suruali, anaiuma.

"Tamu?" mkewe anauliza.

Anaitikia kwa kichwa. Anauma tena.

Jioni ile kila nyumba ya jirani ilipata fungu, na muuza mboga alipata mawili. Alipoletewa hakutia neno la mzaha, jambo ambalo binti anasema hajawahi kuliona tangu azaliwe.

Jumatatu, kabla ya kwenda kibaruani, Timazi yuko uani na chekeche lake, vumbi la udongo limemjaa nyusi. Safari hii hapandi tuta zima kwa mkupuo. Atapanda mistari miwili, asubiri wiki mbili au tatu, apande mingine miwili, na mingine, tuta likiisha aanze upya pale zilipong'olewa. Kwa njia hiyo uani hapatakosa zilizoiva, na kila Jumapili atazipitisha kwenye kamera zikaguliwe.

Ana mipango mingine. Atapiga lipu chumba cha mbele, na pengine ataandaa tuta la nyanya aliache tupu, kwa kuwa nyanya ni kazi ya mkewe na hataki kuonekana anamnyang'anya kazi. Lakini hayo ni baadaye. Kwa sasa anainama, anafumba jicho moja, anaunyoosha uzi.

"Mwezi wowote atakaofika, atazikuta," anasema. "Lakini nimemwambia afanye haraka."