Marahaba Niliyowatumia Wenyeviti

Jamani, chekeni mapema mmalize, maana aibu hii nimeificha mpaka imenichosha, na anayeijua vizuri kuliko wote ndiye nisiyependa aijue: Zuhura.

Zuhura aliletwa kwenye ofisi yetu ya ushirika pale Katesh akitokea Tanga, na hata hajatuzoea akaweka menyu yake mwenyewe kwenye programu ya barua pepe (kuna kiprogramu unakichomeka humo ndani, halafu unakiandikia amri zako), ikawa ukibonyeza mara moja anwani za matawi yote zinajijaza zenyewe, kazi ambayo mimi, katibu muhtasi wa miaka yote, nilikuwa naifanya kwa mkono. Hilo ningelimeza. Ila Emanueli, mhasibu wetu na mchumba wangu, ambaye baba yake alikuwa aje kwetu Jumamosi kuleta posa, akawa habanduki mezani kwa Zuhura. "Huyu dada ana kichwa!" ananiambia mimi, huku anatafuna karanga zangu. Wivu ulinipanda kweli kweli.

Nikasema na mimi naweza. Nikaangalia video, nikachomeka, nikatengeneza menyu nikaiita Salamu, yenye amri mbili. Ya Wadogo inaandika "Marahaba mwanangu, hujambo?", kwa sababu vijana wa matawini huniamkia hata kwenye barua, na ya Wakubwa nilitaka iandike "Shikamoo mzee". Nilianza na ya Wadogo, nikainakili, nikabadilisha jina likasomeka Wakubwa, na maneno ya ndani (Mungu wangu!) nikasahau kuyabadilisha. Halafu kwa kuwa ya Zuhura ilibidi ubonyeze tena ndipo barua iende, yangu nikaiamuru iende moja kwa moja, nimzidi.

Asubuhi nikawaita wote waje waone. Zuhura akaniuliza kwa upole, "Dada, umeijaribu kwanza?" Nikamjibu, "Kwani wewe ya kwako uliijaribu?" (Aliijaribu sana tu, nilimwona.) Nikaandika tangazo la kikao cha bei ya alizeti kwa wenyeviti wa matawi, wazee watupu, akiwemo Mzee Bura wa Bashay, baba yake Emanueli, nikabonyeza Wakubwa kwa madaha. Ikaenda. Wakanipigia makofi.

Makofi hayajaisha, simu ikalia, mwenyekiti wa Gehandu. "Binti, nani amekuamkia wewe?" Nikacheka nikidhani utani, nikafungua barua iliyokwenda, nikasoma: "Marahaba mwanangu, hujambo?" Zuhura akasema, "Ngoja nikusaidie, dada," nami nikaona akinisaidia mbele ya Emanueli nimekwisha, nikamwambia aniache, nikaandika haraka haraka, "Naombeni radhi wazee wangu," nikabonyeza Wakubwa ile ile. Ndiyo. Marahaba ya pili.

Emanueli akapigiwa simu na baba yake, akatoka nje, akarudi amenywea. "Baba anasema Jumamosi haji. Hawezi kwenda kuposa binti anayemwitikia shikamoo ambayo hajapewa." Nililia pale pale mezani, mbele ya watu, na wala sikujali tena nani ananiangalia.

Ikabidi niende Bashay kuomba radhi, na huwezi kwenda na mchumba peke yake, lazima uwe na mtu wa kukusemea, na ofisi nzima mwenye ulimi mtamu ni nani? Zuhura. Tulimkuta mzee anawawekea ng'ombe pumba. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba." Akaendelea kumwaga pumba. "Shikamoo baba." Akanigeukia: "Marahaba zangu si ulishazichukua wewe, zote mbili?" Mama yake Emanueli akaangua kicheko huko jikoni, mzee naye akashindwa kujizuia, akaniitikia, akasema posa ataleta, lakini baada ya mavuno. Nikashusha pumzi. Zuhura muda wote ametulia, kaamkia taratibu, macho chini, kaniombea msamaha kwa maneno machache mazuri. Mzee akamtazama, akamuuliza mwanawe mbele yangu, "Na huyu, ameolewa?"

Basi, menyu yangu nimeifuta, salamu naziandika kwa vidole vyangu, na sitaonyesha tena kitu mbele za watu kabla sijakijaribu. Na Bashay sirudi na Zuhura, ng'o, hata kama nitakwenda bila wa kunisemea.