Mkwe Wangu Taratibu na Gari Lililokohoa

Mkwe wangu anaendesha gari la maiti. Nalisema hilo mapema ili msije mkashtuka mbele ya safari. Ndiyo kazi yake tangu kabla hajamwoa binti yangu, na anaifanya vizuri mno, maana hakuna abiria wake hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Mwendo wake, konokono akimfuata kwa nyuma anapiga honi. Siku moja kipepeo alitua kwenye boneti pale hospitali, akasinzia, akaota ndoto, na msafara ulipofika makaburini akaamka akauliza hapa ni wapi. Sibishani na asiyeamini, kipepeo yupo. Basi watu wakamwita Taratibu, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Ni mtu mpole hadi mlango wa jokofu anaufunga kwa viganja viwili, kama anayeogopa kuyaamsha maziwa. Binti yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake na mkasi wake vilinolewa siku moja. Yeye husema kuolewa na Taratibu ni kama kuolewa na mto wa kulalia: unastarehe, ila ukitaka kugombana unagombana peke yako. Wamezaa pacha wa kike, wako shule ya bweni, wamerithi ulimi wa mama yao wote wawili. Nyumba ikibaki kimya hivyo, tunakuwa watatu tu, mimi nikila, binti akishona, na mkwe akiwa uani na gari lake.

Gari lake mwenyewe, siyo lile la kazini. Hili ni jekundu, la milango minne, limeinama mbele kama fahali aliyetukanwa. Alilinunua likiwa mzoga, na nani mwingine angelinunua? Yeye wafu hawamtishi. Akalifufua kidogo kidogo ndani ya banda letu. Halafu akalifungia turbo, yaani kile kidude kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu, na tangu siku hiyo likawa na mbio za ajabu. Likinguruma tu, kuku wa jirani wanataga mayai yaliyokwisha chemka.

Lakini lilikuwa na ugonjwa. Tambarare, zima. Mlimani, akikanyaga mafuta hadi mwisho, linakohoa. Kohu, kohu, halafu nguvu zinalitoka kama mtu aliyekumbuka deni.

Sasa, sisi tuna barabara inayopanda hadi kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Mara moja kwa mwaka wenye magari ya mbio huipanda, moja baada ya jingine, na mji mzima hutoka kutazama. Mwaka jana gari letu lilikohoa pale kwenye kona ya tangi la maji, mbele ya macho yote ya dunia, likazimika, likasukumwa na wauza karanga. Fundi Mdomo, mwenye duka la vipuri mtaani kwetu na mshindani mkubwa wa mkwe wangu, akapaza sauti: "Taratibu! Huyo wako ni mgonjwa au tayari ni abiria?"

Watu walicheka hadi wengine wakaomba maji. Binti yangu alikuwa amevaa gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Hakusema neno njia nzima, nami nikajua mambo yameiva, maana binti yangu akinyamaza ujue anapima kitambaa. Tulipofika nyumbani akakikata.

"Baba Pacha, lile banda nalihitaji. Nataka kuweka cherehani ya pili na meza ya kukatia. Mwakani utapanda tena. Likikohoa, unaliuza."

"Sawa, Mama Pacha."

Ndiyo hayo tu, sawa. Lakini mimi nilimwona alivyokwenda bandani akaweka mkono juu ya gari kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Nikaumia. Nitawaambia kwa nini. Mkwe wangu anashinda na vilio wiki nzima, anarudi nyumbani na ukimya wa watu wengine mabegani. Akiwa chini ya lile gari tu ndipo ninapomsikia akipiga mluzi. Mezani hapigi, bafuni hapigi. Bandani, anapiga. Nami mwanamume asiyepiga mluzi mahali popote simtaki ndani ya nyumba ya binti yangu.

Nikamfuata. "Haya, mgonjwa ana nini?"

"Mama, injini nimeipa pumzi nyingi, lakini mafuta yanafika kidogo. Pampu iliyomo tangini ni ileile aliyozaliwa nayo."

"Kumbe umeita watu karamu ukaweka kijiko kimoja."

Akacheka. Yeye hucheka bila sauti, mabega ndiyo yanayocheka.

Akatafuta pampu kubwa zaidi, na nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta kwenye injini, na waya mnene wa kuilisha pampu umeme. Siku ya kazi alilisukuma gari hadi katikati ya ua, akachomoa betri, akaweka mtungi wa kuzimia moto karibu, na akapiga marufuku moto wowote mpaka amalize. Tulikula mkate mkavu kutwa. Paka wa jirani nilimfukuza mwenyewe, maana ana macho yanayowaka, nisije nikaambiwa ndiye aliyeleta cheche.

Tangi la gari lile limelala chini ya kiti cha nyuma. Unanyanyua kiti, unafungua kifuniko, na pampu iko hapo inaning'inia ndani ya petroli. Aliitoa ile ya zamani polepole, akaipangusa, akailaza juu ya kitambaa cheupe, akaifunika. Nikadhani sasa ataita ndugu zake.

Kilichopungua kilikuwa kipande cha mpira, kifupi kama kidole, cha kuunganisha pampu na bomba la kifuniko. Akakifuata kwa Fundi Mdomo.

"Mpira ni mpira, Taratibu!" Mdomo akamwambia. "Huu unapitisha petroli tangu babu yako hajaota meno."

Akaufunga, akabana vibano, akarudisha kiti. Gari likawaka kwa mara ya kwanza tu, na mluzi ukaanza, na ukaendelea hadi ilipobaki siku mbili tukapande. Ijumaa hiyo akaenda kulijaribu mlimani. Alirudi akaliegesha, akabaki ameketi ndani, mikono kwenye usukani.

"Limekohoa?" nikauliza dirishani.

"Kuliko zamani."

Binti yangu alitoka na utepe wa kupimia shingoni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja bandani, yakaanza kupanga meza.

"Sijui kama pampu inachoka au mafuta yanapotea njiani," akasema Taratibu. "Pampu ina sauti yake, lakini nikiwa mbele siisikii kwa kelele za injini. Anatakiwa mtu alale kwenye kiti cha nyuma, aweke sikio hapo juu yake, aisikilize gari likikohoa." Akamtazama mkewe.

"Mimi? Nilale nyuma ya dereva wa maiti? Nina gauni la bibi harusi mezani, Baba Pacha, sitaki mikosi."

Mimi nilikuwa nimeshavua viatu.

"Mama!" Wote wawili, kwa pamoja, kama kwaya.

"Mama nini? Sikio la kulia limestaafu, lakini la kushoto linamsikia sisimizi akivua soksi. Fungua mlango, mwanangu."

Kiti kilikuwa na madoa ya grisi. Binti yangu akalalamika kwamba nitachafua nguo, akaleta kipande kirefu cha kitambaa cheupe kutoka kwenye cherehani, akanizungushia chote, kuanzia miguuni hadi kidevuni. Mkwe wangu akanifunga mikanda. Tukaondoka.

Jamani, tulipanda! Miti ilikuwa inatukwepa. Mimi nimefumba macho, sikio limegandishwa kitini, na chini yangu pampu inaimba kwa sauti nzito, mmmmm, kama mpagazi mwenye gunia kichwani. Tukafika kona ya tangi la maji. Kohu! Kohu! Na hapo hapo ile sauti ikapanda juu, ikawa nyembamba, niiiii, kama ya msichana anayetoka sokoni mikono mitupu.

"Mwanangu, hii haijachoka!" nikapiga kelele. "Inacheza! Imetua mzigo!"

Akasimama kando, akazima injini. "Imetua mzigo," akarudia. "Basi mafuta hayapandi, Mama. Pampu inasukuma kama kawaida, ila kuna mahali panaachia, yanamwagika humo humo tangini. Ni ule mpira."

Kurudi, alikuwa anawaza mpira, na akiwaza miguu yake hurudia mwendo wa kazini. Tukaingia mtaani polepole, polepole. Mimi nilikuwa bado nimelala, kiti kilikuwa kitamu. Nikamwona mama muuza maziwa kando ya barabara anachungulia dirishani. Anamwona Taratibu ameshika usukani, uso umeinama. Anamwona bibi kizee nyuma, kazungushiwa nyeupe. Ningeweza kumpungia mkono. Lakini alikuwa ameshaanza kuniombea dua, na mtu akikuombea dua si adabu kumkatiza. Nikafumba macho vizuri zaidi.

Mama muuza maziwa ana miguu. Alipita vichochoro, akafika kwetu kabla yetu. Tulipokunja kona, viti vilikuwa vimeshatolewa kila nyumba na kupangwa uani, wanawake wamejishika vichwa, na katikati yao Fundi Mdomo amesimama na kofia mkononi.

"Alikuwa mama mwema," anasema, sauti inamtetemeka. "Mcheshi. Hakuwa na makuu..."

Nikainuka kitini. "Endelea, mwanangu, ulikuwa unafika pazuri."

Mama muuza maziwa alikalia ndoo yake, na ndoo haikuwa tupu. Mdomo akarudi nyuma hadi ukuta ukamzuia. Wengine walikimbia kwa kasi ambayo Jumapili wangeshinda bila gari.

Binti yangu alinijia mbio, uso umelowa. Akanishika mashavu, akanigeuza huku na huku kama tikiti la sokoni. Alipoona nina uhai wa kutosha, akamgeukia mumewe.

"Linauzwa. Leo hii hii."

Taratibu aliinamisha kichwa. Ile "sawa" yake nikaiona inakuja mdomoni, nikaiwahi.

"Makubaliano ni Jumapili," nikasema. "Na marehemu ni mimi. Wosia wa marehemu haupingwi."

Watu wakaanza kucheka, mmoja, wawili, wote. Binti yangu alijikaza, alijikaza kweli, pua zikamcheza. "Jumapili," akasema. "Lakini likikohoa, hata mara moja..."

"Hata mara moja," akajibu Taratibu.

Akafungua tangi mbele ya umati ule ule uliokuja kunizika, baada ya kuwaamuru wavutaji wote watoke nje ya geti. Akautoa mpira. Ulikuwa umevimba, umelainika kama utumbo, na ncha moja imechomoka nusu kwenye bomba. Akamkabidhi Mdomo mkononi, taratibu.

"Huu ni wa petroli kupita ndani yake," akamwambia. "Siyo wa kuogelea ndani ya petroli."

Mdomo akaubonyeza. Akatoka. Nikadhani kakimbia aibu, kumbe alikwenda dukani, akarudi anahema na kipande kingine, kigumu, cheusi tii, kile kinachotengenezwa kwa ajili ya kuzama tangini.

"Nilitaka nikushinde, Taratibu," akasema. "Lakini uwe umefika juu."

Jumapili, viti vya msiba wangu vilibebwa vyote hadi mlimani. Mimi nikawekwa mbele, marehemu hakai nyuma. Fundi Mdomo akapanda kwanza, vumbi likamfuata kama ndugu wa mwenye mali. Kisha gari jekundu.

Lilipita mbele yetu kwa nguvu, kivuli chake kikabaki nyuma kinauliza njia. Binti yangu alinishika kiganja. Linakaribia kona ya tangi la maji. Kucha zake zikaniingia. Mimi nimetega sikio la kushoto, na hata lile lililostaafu likarudi kazini. Kona. Gari likainama, likanguruma, likainuka, likaendelea kunguruma hadi juu, hadi machimboni, bila kukohoa hata kwa kusafisha koo.

Binti yangu alikuwa amesimama juu ya kiti. Sauti iliyomtoka sitaiandika, wateja wake wanasoma. Mdomo alimshinda Taratibu kwa muda wa kupepesa jicho, lakini yeye mwenyewe alisahau kushangilia.

Kisha mkwe wangu akaanza kuteremka. Na kwa kuwa hakuna wa kushindana naye tena, aliteremka kwa mwendo wake. Polepole, kati ya viti vya msiba vilivyopangwa pande mbili. Watu hawakukusudia, walisimama tu, mmoja mmoja, na wanaume wakavua kofia. Madirisha yalikuwa wazi. Mluzi ulisikika tangu mbali.

Akasimama mbele yetu. Binti yangu akafungua mlango, akaingia, akapanga gauni lake vizuri, akavuta mkanda.

"Banda nitalipanga upya, tutabanana humo humo," akasema. "Nipeleke nyumbani, Baba Pacha. Lakini siyo kwa mwendo huu."